Kenchi Tuliyoikata Sparkbrook

Mwenyekiti wa chama chetu aliishika karatasi kwa ncha za vidole, kama picha ambayo haijakauka, akaniuliza kama jina lililoandikwa juu ni la binti yangu. Nikamwambia ndiyo, kompyuta ni yake, na programu huliandika yenyewe kila unapochapa. Nikasema ngoja nirudi nyumbani nilifute, nilete karatasi nyingine.

"Ulifute kwa nini?" akasema. "Liache. Jina la mtoto si ndilo lako wewe?"

Nikaliacha.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilikuwa nimesimama dukani kwake, pale karibu na Ladypool Road, mlango uko wazi, hakuna aliyenizuia. Ningechukua karatasi yangu nikatoka. Badala yake nilikubali chai, nikakaa, na tulipomaliza chai, ile karatasi ilikuwa imeshaingia kwenye faili la chama.

Mimi si injinia. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikajifunza kuchomelea katika karakana, na hapa Birmingham nimefanya kazi ya chuma miaka ishirini na kitu, mpaka magoti yakakataa. Nimechomelea mageti, ngazi, matangi na kenchi nyingi za paa. Lakini kuchomelea kenchi ni kazi moja, na kujua kila chuma ndani yake kinabeba nini ni kazi nyingine. Ile ya pili mtu mwingine alikuwa ameshaifanya ofisini kabla mchoro haujanifikia. Kwenye chama chetu cha Watanzania watu walikuwa wakiniita Injinia. Mwanzoni nilikuwa nakanusha. Baadaye nikachoka kukanusha. Mwisho nikawa nageuka nikiitwa.

Injinia wa kweli alikuwa binti yangu. Alizaliwa hapa, akasoma hapa, akaajiriwa na ofisi moja ya wahandisi mjini. Wakati huo alikuwa bado anaishi nasi Acocks Green, na siku nyingine alifanyia kazi nyumbani, kompyuta ya ofisi imefunguliwa kwenye meza yetu ya kulia. Mimi ndiye niliyemwomba anifundishe ile programu yake. Nilikuwa mstaafu, siku zilikuwa ndefu, na nilitaka kuona zile kenchi nilizochomelea maisha yangu yote zinafananaje kwa ndani.

Tulianza Jumamosi moja mchana. Yeye alikuwa akinijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, lugha niliyokuwa nikimsikilizia.

"Chora pembetatu, Baba. Nukta tatu, mistari mitatu. Nukta ni kiungo, mstari ni chuma."

Nikachora. Vidole vyangu ni vinene, nikakosea mara mbili.

"Sasa weka mzigo juu kileleni. Vizuri. Sasa iambie kenchi yako imekaa juu ya nini."

Pale palikuwa na alama mbili za kuchagua, moja ya egemeo linaloshika na nyingine ya egemeo linaloteleza. Nikachagua la kushika, kushoto na kulia.

Akacheka. "Hapana. Upande mmoja ushike, upande wa pili uache uteleze."

"Kenchi iteleze? Mwanangu, mimi nimefunga kenchi ngapi? Hata moja haijateleza."

"Si kwamba itateleza. Unaiambia programu ukweli kuhusu ukuta. Ukishika pande zote mbili, umeiambia kwamba ukuta ni mlima, hausogei. Kuta za huku ni matofali ya zamani, Baba. Zikisukumwa, zinasogea."

Nikabadilisha. Akabonyeza, na ile mistari mitatu ikapata rangi. Miwili inayopanda ikawa myekundu, maana yake inabanwa. Mmoja uliolala chini, ule mafundi wa kwetu huuita taibimu, ukawa wa buluu, maana yake unavutwa.

"Unaona? Mzigo wa juu unataka kuwatenganisha hawa wawili miguu yao iende nje. Huyu wa chini ndiye anayewashika."

"Huyo ni mama yako," nikasema.

Mama yake alikuwa jikoni, akajibu kutoka huko huko, "Na nyinyi wawili mmekaa tu mnaninyooshea vidole!"

Baada ya hapo kila Jumamosi nilikuwa nakaa mezani. Binti yangu alinipa neno la siri la kompyuta ili nijizoeze hata asipokuwapo. Ofisi yao haikuruhusu. Alinipa kwa sababu aliniona nafurahi.

Mwaka huo chama kilikuwa kimepata ukumbi Sparkbrook. Ilikuwa karakana ya zamani nyuma ya nyumba zilizoungana kwa mstari, kuta za matofali, paa la vigae vizito juu ya kenchi za chuma. Kenchi zenyewe zilikuwa rahisi kabisa: vyuma viwili vinavyopanda, taibimu chini, na kimoja kimening'inia katikati kutoka kileleni. Tulipaka rangi, tukatandika mazulia, na kina mama wakaomba kitu kimoja. Walitaka roshani yao upande wa nyuma. Katika harusi na maulidi walikuwa wakikaa nyuma ya pazia, wanasikia kila kitu na hawaoni chochote. Roshani ingewapa faragha na macho.

Roshani ikajengwa, nzuri, juu ya nguzo zake yenyewe. Ilipokamilika tukagundua kwamba kenchi moja inapita juu yake, na taibimu yake iko usawa wa paji la uso wa mwanamke wa kimo cha kawaida.

Mwenyekiti alipanda akajipima nayo. Yeye ni mtu wa Unguja, mfanyabiashara, mcheshi, ana sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Akainama, akapita, akainuka. "Bwana wee! Kina mama wapite hivi? Wamevaa wamependeza, maua kichwani, halafu warukuu njia nzima kama wanasali?"

Watu wakacheka. Lakini yeye hakuwa anacheka sana. Harusi ya kwanza katika ukumbi ule ilikuwa ya binti yake, na zilibaki wiki tano.

"Injinia," akaniambia mbele ya kamati nzima, "hiki chuma kinafanya kazi gani hapa?"

Nilijua kinafanya kazi gani. Nilikuwa nimekiona cha buluu mara mia. Nikasema, "Nitakiangalia."

Fundi aliyejenga roshani alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu mwangalifu, wa maneno machache. Yeye alisema kabla hajaulizwa: "Papa, miye sikate ile chuma bila karatasi. Karatasi ya hesabu, yenye jina ya ingénieur. Ikianguka, ni miye banafunga."

"Karatasi utapata," mwenyekiti akajibu, huku akinitazama mimi.

Nilimuuliza binti yangu tukiwa tunakula. Niliuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza habari za jirani. Je, taibimu ya kenchi inaweza kuondolewa?

Akaweka kijiko chini. "Kenchi gani?"

"Ya ukumbini. Wanauliza tu."

"Isiguswe mpaka ukuta uangaliwe. Na mimi siwezi kufanya, Baba, ofisi hairuhusu kazi za nje kwa jina lao. Lakini nitakuja nione, halafu nitawatafutia mtu wa kuwafanyia. Wiki mbili, tatu."

Nikampelekea mwenyekiti jibu hilo. Akahesabu wiki kwa vidole. "Mtu aje aangalie, aandike, akate, mafundi wa rangi warudi. Wewe huoni kwamba harusi itapita? Kadi zimeshatoka." Kisha akashusha sauti. "Mzee mwenzangu, wewe si unayo ile programu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia kwamba mimi ni mchomeleaji. Kamati ilikuwa imekaa. Nikasema nitajaribu.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alikwenda Leicester kwa rafiki yake. Kompyuta ilikuwa mezani. Nilisubiri mama yake atoke kwenda sokoni. Hilo pekee lingetosha kunionyesha ninachofanya.

Nikaichora ile kenchi kwa vipimo nilivyopima mwenyewe. Nikaweka uzito wa vigae. Egemeo la kushoto nikaliweka la kushika, la kulia nikaliacha liteleze, kama nilivyofundishwa. Ikakokotoa vizuri: taibimu ya buluu, inavutwa kwa nguvu nyingi. Nikaifuta taibimu pamoja na kile chuma cha katikati, nikabonyeza tena.

Programu ikakataa. Haikutoa namba yoyote, ilitoa maandishi mekundu tu kwamba muundo hausimami.

Nikabonyeza tena. Ikakataa tena.

Lazima nieleze jambo kuhusu sisi tuliokuja nchi hii tukiwa watu wazima. Kwa miaka mingi tumeishi kwa kujaza fomu kwenye mashine. Fomu ya makazi, ya daktari, ya shule ya watoto, ya leseni. Unajaza kwa ukweli, mashine inakataa, haikuambii kwa nini. Unabadilisha kisanduku kimoja, unabonyeza, inakataa. Unabadilisha kingine, inakubali. Basi unajifunza kwamba mashine ikikataa haimaanishi kwamba umekosea, maana yake hujapata kisanduku inachokitaka. Nilikuwa stadi wa kazi hiyo. Watu walikuwa wakiniletea fomu zao nyumbani, na sijawahi kushindwa na fomu.

Nikakaa mbele ya programu ya binti yangu nikaitendea kama fomu. Nikaongeza unene wa vyuma, ikakataa. Nikapunguza uzito wa vigae, ikakataa. Nikaurudisha uzito. Kisha nikaenda kwenye egemeo la kulia, lile la kuteleza, nikalibadilisha likawa la kushika.

Ikakubali. Skrini nzima ikawa ya kijani.

Nikajaribu kitu kingine: nikairudisha taibimu mahali pake, maegemeo yote mawili yakiwa yameshika, nikabonyeza. Taibimu ikaonyesha sifuri. Haivutwi, haibanwi. Nikajiambia kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba, "Basi haifanyi kazi yoyote." Nikaifuta tena.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu. Chini ya ile kenchi, palipo na kuta, palikuwa na mishale miwili ambayo haikuwapo mwanzo. Ilikuwa mishale ya kulala, mmoja kushoto na mmoja kulia. Nguvu yake ilikuwa karibu sawa na uzito wa gari dogo kila upande. Ilikuwa inasema kwamba kazi ya taibimu haikupotea, bali imehamishiwa kwenye kuta, na kuta zinatakiwa kuishika miguu ya kenchi isiende nje. Mimi sikuwa mjinga wa kutoona mshale. Niliuona. Nilikumbuka hata neno mlima. Nikabonyeza pa kuchapa.

Kurasa nne zilitoka. Juu ya kila ukurasa palikuwa na jina la binti yangu, vyeo vyake na jina la ofisi yake. Nilizipeleka Sparkbrook siku ile ile, na pale dukani ndipo mwenyekiti aliponiambia niliache jina.

Fundi Mkongo aliisoma karatasi akiwa amesimama, ukurasa hadi ukurasa. Akauliza, "Huyu mama ni nani?"

"Binti yangu."

"Ameona ukuta?"

Mwenyekiti alikuwa kando yangu. Nikasema, "Ameona."

Fundi akakunja karatasi. "Basi ni sawa, Papa. Miye naamini karatasi."

Walikata Jumanne asubuhi. Waliweka nguzo za chuma za kutegemezea chini ya kenchi, grenda ikalia, cheche zikaruka mpaka kwenye mazulia tuliyoyakunja. Kipande cha katikati kilipoachia kilitoa mlio mmoja, kama sahani nzito imeangushwa juu ya saruji. Wakaanza kulegeza zile nguzo, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeshika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Kenchi ilibaki pale pale. Mwenyekiti akapiga makofi. "Injinia! Wallahi, wewe ulipotea bure kwenye mageti!" Akapita pale palipokuwa na chuma, wima, kichwa juu, akarudi, akapita tena.

Siku ya tano niliona ufa.

Ulikuwa kwenye ukuta wa kulia, chini kidogo ya mguu wa kenchi, mwembamba kama uzi, unashuka kama ngazi ukifuata viungo vya matofali. Sikumwambia mtu. Nilikuja na kipande cha kioo na plasta, nikakigandisha juu ya ufa, upande huu na upande ule. Ndivyo tulivyofundishwa zamani: ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima. Ukisogea hata kidogo sana, kioo kinapasuka.

Siku mbili baadaye kilikuwa kimepasuka.

Nikamwita mwenyekiti. Akauangalia ufa kwa mbali, mikono nyuma. "Jengo la zamani hili. Nyufa ni mikunjo ya uzee. Mimi na wewe hatuna?"

"Kioo kimepasuka."

"Kioo huenda kimegongwa na mtu wa usafi. Injinia, zimebaki wiki mbili. Unataka nimwambie mwanangu nini?"

Nikaweka kioo cha pili. Kikapasuka. Nikaweka cha tatu. Kila siku nilikuwa napanda basi hadi Sparkbrook, naingia kwa ufunguo wa chama, nautazama ukuta, narudi nyumbani. Mke wangu akadhani nimepata kazi ndogo huko. Binti yangu aliniuliza mara mbili: "Ule ukumbi vipi? Nije lini?" Mara ya kwanza nikasema kamati imeahirisha. Mara ya pili nikasema wameamua kuiacha taibimu.

Sikuwa naogopa kumwambia kuhusu ukuta. Nilikuwa naogopa kumwambia kuhusu karatasi. Lakini moja halikusemeka bila lingine. Yeyote ambaye angekuja kuukagua ule ukuta angeomba hesabu, na hesabu ilikuwa na jina lake. Nikawa nasubiri. Nilijiambia harusi ikipita nitapata njia ya kuirudisha taibimu kimya kimya, nichomelee mwenyewe.

Siku ya harusi ilikuwa na mvua nyepesi ya Birmingham, ile isiyokoma wala kuzidi. Wanaume tulikaa chini, na juu kulikuwa na kina mama kama sitini. Vigelegele vilikuwa vinashuka kutoka roshani kila mara. Binti yangu alipanda na mama yake. Nilikuwa nimemwomba asije, nikamwambia atachoka, atachoka bure. Akasema, "Baba, wanawake wamepata roshani, halafu nisiione?"

Nilikaa kwenye kiti cha karibu na ukuta wa kulia. Shehe alikuwa anasoma hotuba. Nikasikia kitu kidogo kinadondoka nyuma yangu. Kilikuwa kile kioo cha tatu. Hakikupasuka tu safari hii, nusu yake ilikuwa imebanduka. Ufa niliouacha wa uzi ulikuwa umekuwa wa kuingiza kidole.

Niliinua macho kwenye roshani. Wote walikuwa wanamtazama bwana harusi. Binti yangu alikuwa anatazama paa. Alifuata chuma kwa macho kutoka kileleni mpaka ukutani, akarudi katikati palipo wazi, akashuka kwa macho mpaka kwangu.

Akashuka ngazi bila kukimbia. Alipofika aliniita pembeni, karibu na mlango wa jikoni.

"Baba, nani amekata?"

"Fundi."

"Kwa hesabu ya nani?"

Nikautazama mlango. Haikuwa lazima nijibu, kwa sababu hesabu ilikuwa imebandikwa pale pale, kwenye mlango wa jikoni, ndani ya mfuko wa plastiki. Fundi Mkongo aliibandika ili kila mtu aone kwamba alifuata utaratibu. Binti yangu akasogea. Akasoma jina lake. Sura yake haikubadilika. Akainua ukurasa wa kwanza, wa pili, akaweka kidole kwenye mchoro, penye egemeo la kulia.

"Umeshika pande zote mbili," akasema.

"Mwanangu..."

"Ufa uko wapi?"

Nikamwonyesha. Akauangalia kwa muda mfupi sana, kisha akaangalia ngazi ya roshani. Ilikuwa moja, nyembamba, na huko juu walikuwa wanawake sitini na watoto mapajani. Nikaelewa anachokihesabu. Akipiga kelele, watakanyagana.

Akapanda tena. Nikamwona anamnong'oneza mama yake. Mke wangu akanitazama kule chini mara moja tu, kisha akapaza sauti kwa uchangamfu kama wa mtu aliyealika:

"Jamani, pilau inapakuliwa nje! Kina mama tunaanza sisi leo! Taratibu, wenye watoto mbele!"

Kikaibuka kicheko. Mmoja akasema, "Leo tunatangulia sisi? Kiyama kimekaribia!" Wakaanza kushuka, wakikusanya mikoba, wakitafuta viatu, polepole mno. Binti yangu alikuwa amesimama juu ya ngazi akiwapitisha mmoja mmoja.

Mwenyekiti akanijia amefura. "Pilau nje? Na mvua hii? Nani ametoa amri? Shehe hajamaliza!"

"Watoe wanaume pia," nikasema. "Ukuta unakwenda."

"Injinia, usinitie aibu mbele ya wakwe."

"Mimi si injinia," nikamwambia. "Sijawahi kuwa. Watoe watu."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Aligeuka, akachukua kipaza sauti, na ile sauti yake isiyokihitaji ikatetemeka ndani yake. Watu wakatoka. Bibi harusi alitolewa amefunikwa mwavuli. Tukasimama wote katika ua na mvua, mia mbili na zaidi, sahani za pilau mkononi, wengine wakilalamika.

Ilichukua kama nusu saa. Wengine walikuwa wameshaanza kusema turudi ndani. Kwanza ukuta ulivimba, ukasogea nje polepole kama mlango unaofunguliwa, kisha matofali yakamwagika kwenye kichochoro, na ile kenchi ikalala. Vigae vilianguka juu ya roshani kwa muda mrefu. Vumbi lilipotulia tuliona viti vya kina mama vimefunikwa.

Hakuna aliyeumia. Mwenyekiti alikaa chini kwenye maji, na joho lake, akawa anasema Alhamdulillahi bila kukoma. Baadaye alikuja nyumbani kuniomba radhi, nami nikamwomba. Sina la kumlaumu. Yeye alisema liache jina. Aliyeliacha ni mimi.

Watu wa halmashauri walifunga ukumbi na kuichukua karatasi. Wiki ile ile ikafika kwenye ofisi iliyotajwa juu yake. Binti yangu hakusubiri kuitwa, aliingia kwa mkuu wake akasema kila kitu: kwamba hakufanya hesabu ile, kwamba aliyeifanya ni baba yake, kwamba neno la siri alimpa yeye mwenyewe. Mimi niliandika barua kukiri, nikaipeleka kwa mkono. Waliniamini. Haikusaidia. Kumpa mtu wa nje kompyuta ya ofisi, kukatoka karatasi yenye jina la ofisi, na jengo likaanguka watu wakiwa wamejaa uani, hilo lilitosha. Wakamfukuza. Cheti cha uinjinia kamili, alichobakiza miezi michache kukipata, kikasimamishwa, na ofisi nyingine alizoomba zilikuwa zimeshasikia habari.

Mazungumzo yetu ya mwisho yalikuwa jikoni, masanduku yake yakiwa mlangoni. Nilimwambia yote, hata ile mishale. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Taibimu ingeweza kupandishwa juu," akasema. "Futi tatu, nne, juu ya vichwa vya kina mama, na vile vyuma viwili vinavyopanda vingenenepeshwa kidogo. Ni kazi ya saa mbili, Baba. Ungeniambia tu kwamba shida ni vichwa."

Safari hii alisema kwa Kiswahili, ili mama yake naye aelewe.

Sasa anaishi Northfield na anafanya kazi ya kupokea simu katika kampuni ya mabomba. Mama yake humtembelea kila Jumapili, hutoka asubuhi na kurudi jioni, na nikimuuliza hunijibu kwamba mtoto hajambo. Mimi sijaalikwa. Nimemwandikia mara tatu, hajajibu, na hana wajibu wa kujibu. Kwa kuliacha jina lake juu ya karatasi yangu nilimpotezea kazi aliyoisomea tangu utoto, na nikampoteza yeye, mtoto wangu wa pekee.